Kijiji cha Java: Mlango wa Shamba na Mlango wa Nyumba

(Yafuatayo ni mazungumzo ya mwandishi wetu mbele ya walimu na watumishi wa umma.)



Jina la Indonesia si geni masikioni mwetu. Kila aliyesoma historia ya nchi zilizotawaliwa anaufahamu mji wa Bandung, ambako mwezi wa Aprili 1955 wajumbe wa nchi 29 za Asia na Afrika walikutana na kutamka kwamba zama za mataifa yetu kuamuliwa mambo na wengine zimefika ukingoni. Lakini mji wa Bandung umezungukwa na vijiji, na habari za vijiji hivyo hatuzijui kama tunavyozijua habari za mkutano ule. Leo basi sitazungumza juu ya mkutano. Nitazungumza juu ya kijiji: kijiji kidogo cha bara, mbali na pwani, katika kisiwa cha Java. Watu wake wanalima nini na wanakula nini? Nani anamiliki na nani anavuna? Na serikali ilipopeleka maendeleo huko, ni nani hasa aliyeyapata?

Nimechagua jambo hili kwa sababu sisi tuliomo humu kazi yetu ni kupeleka vitu vijijini. Mmoja hupeleka chaki, mwingine mbegu, mwingine dawa, na mwingine fomu za kujazwa. Ni vema tukaitazama nchi iliyopeleka vitu hivyo hivyo kwa wingi na kwa miaka mingi, tukapima matokeo yake bila chuki na bila kusifu kupita kiasi.

Nianze na ardhi, maana bila ardhi kijiji hakielezeki. Kisiwa cha Java kina eneo la kilomita za mraba zipatazo 130,000. Hesabu ya watu ya mwaka 2020 ilikuta zaidi ya watu milioni 150 wakiishi juu yake. Nchi yetu ina eneo zaidi ya mara saba ya hilo, na sensa ya 2022 ilitupa watu karibu milioni 62. Natoa tarakimu hizi ili tuelewane juu ya neno "shamba". Katika sensa ya kilimo ya Indonesia ya mwaka 2013, kati ya kaya za wakulima zipatazo milioni 26 nchini kote, zaidi ya milioni 14 zilikuwa na ardhi isiyofika nusu hekta, yaani ekari moja na kitu. Sehemu kubwa ya kaya hizo zilikuwa Java. Na hao ndio walioitwa wakulima. Wasio na ardhi kabisa, wanaoishi kwa kuuza nguvu za mikono yao katika mashamba ya wenzao, hawamo katika hesabu hiyo.

Ukikitazama kwa mbali, kijiji cha Java hukioni. Unachokiona ni kisiwa cha miti katikati ya bahari ya mpunga. Ndani ya miti hiyo ndimo zilimo nyumba. Zamani kuta zilikuwa za mianzi iliyosukwa. Siku hizi nyingi ni za matofali. Na paa, hata la maskini, mara nyingi ni la vigae vya udongo. Kila nyumba imezungukwa na bustani yake: minazi, migomba, mifenesi, mipapai, muhogo, mboga, kuku wachache, na pengine kidimbwi cha samaki. Bustani hiyo ndiyo benki ya mama wa nyumba. Mpunga ukichelewa, humo hutoka cha kutia chunguni, na humo hutoka cha kupeleka sokoni mtoto anapohitaji daftari.

Nje ya miti yako majaruba. Katikati ya kisiwa umepita mstari wa milima ya moto, na majivu yake yameifanya ardhi kuwa na rutuba ambayo wakulima wa nchi nyingi wangeionea wivu. Maji huteremka kutoka milimani kwa mifereji, hupita kutoka jaruba la juu hadi la chini, na palipo na maji ya kutosha mpunga hupandwa mara mbili, hata mara tatu kwa mwaka. Lakini si Java yote iliyojaliwa hivyo. Katika vilima vya chokaa vya Gunungkidul, upande wa Yogyakarta, maji ya mvua huzama chini ya mawe, na kwa vizazi vingi chakula cha maskini huko kilikuwa muhogo uliomenywa na kukaushwa juani. Sisi tunauita makopa; wao huuita gaplek.

Kijiji kina utawala wake. Kiongozi huitwa lurah au kepala desa, naye huchaguliwa na wanakijiji. Chini yake yuko karani, yuko msimamizi wa mambo ya dini, na palipo na mifereji yuko mgawaji wa maji, ambaye kazi yake ina lawama kuliko zote. Kwa desturi ya Java viongozi hawa hawakulipwa mshahara wa fedha. Walipewa mashamba ya kijiji wayalime au wayakodishe kwa muda wa utumishi wao. Ninaomba jambo hilo likumbukwe: kiongozi wa kijiji, kwa cheo chake tu, alikuwa mmoja wa wenye ardhi kubwa. Chini ya kijiji viko vitongoji, na chini ya vitongoji viko vikundi vya majirani vilivyoanzishwa wakati wa utawala wa Wajapani wa 1942 hadi 1945. Msikilizaji wa hapa atawafikiria mara moja mabalozi wetu wa nyumba kumi.

Watu wa kijiji hawaishi kwa shamba peke yake. Wanawake hucheza upatu, wenyewe huuita arisan, na kila mmoja hupokea kwa zamu. Nyumba ikijengwa, majirani huja na kamba na mikono yao. Barabara ikiharibika, siku hutangazwa na kila nyumba hutoa mtu. Usiku wanaume hulinda kwa zamu na hupiga gogo lililotobolewa kutoa habari ya moto au mwizi. Moyo huu wa kusaidiana, uitwao gotong royong, viongozi wa nchi waliusifu sana katika hotuba zao. Unastahili sifa. Lakini sifa hizo zilifunika swali moja: wote wanapotoa nguvu sawa kutengeneza barabara, ni nani mwenye mazao ya kupitisha juu yake?

Ndugu zangu, ufinyu wa ardhi haukutokana na wingi wa watu pekee. Mwaka 1830 Mholanzi Johannes van den Bosch alianzisha Java utaratibu wa kuvilazimisha vijiji kutenga sehemu ya ardhi, moja ya tano kwa maandishi na mara nyingi zaidi kwa vitendo, kwa ajili ya kahawa, miwa na nili. Mazao hayo yaliuzwa Ulaya, na faida yake ilijaza hazina ya Uholanzi. Aliyebebeshwa kazi ya kukusanya alikuwa mkubwa wa kijiji, naye akapewa fungu lake kwa kadiri alivyokusanya. Hivyo mkoloni hakuhitaji kuingia kila nyumba. Alimtumia yule yule aliyekuwamo ndani.

Sukarno, rais wa kwanza wa nchi hiyo, alipenda kusimulia habari ya mkulima aliyekutana naye kusini ya Bandung miaka ya 1920, wakati yeye akiwa kijana mwanafunzi. Alimwuliza shamba ni la nani. Mkulima akajibu ni lake. Jembe, lake. Nyumba, yake. Mazao, yake. Hakuwa na bwana wala hakumwajiri mtu, na bado alikuwa fukara. Jina lake lilikuwa Marhaen, na Sukarno alilifanya jina hilo kuwa jina la wanyonge wote wa Indonesia. Ni kisa kizuri, nacho kina ukweli mkubwa. Lakini Marhaen alikuwa na shamba. Nyuma ya Marhaen alikuwapo mtu mwingine, ambaye angeulizwa maswali yale yale angejibu la kwa yote. Mtu huyo ndiye ninayetaka tumfuate leo.

Aliishije mtu asiye na jaruba katika kijiji cha mpunga? Aliishi kwa mavuno ya wenzake. Mpunga wa Java wa zamani ulikuwa mrefu, na masuke hayakulingana kwa kukomaa. Ulivunwa kwa kisu kidogo kiitwacho ani-ani: kipande cha ubao chenye wembe, kinachofichwa kiganjani. Wazee husema kisu hufichwa ili Dewi Sri, mama wa mpunga katika imani zao za kale, asiogope. Kazi hiyo ilikuwa ya wanawake. Walikata suke moja moja, kwa subira, na mwenye shamba hakuwa na desturi ya kumfukuza aliyekuja na kisu chake. Wakati mwingine jaruba moja dogo liliingiwa na wavunaji makumi kwa makumi. Jioni kila mmoja aliweka mpunga wake mbele ya mwenye shamba, ukagawanywa mafungu, akachukua fungu lake. Baada ya hapo palikuwa na kutwanga. Wenye mpunga mwingi waliwaita wanawake maskini kuutwanga kwa kinu na mchi, nao wakalipwa kwa mchele.

Tusiupambe utaratibu huo kwa maua. Mtaalamu wa Kimarekani Clifford Geertz aliandika mwaka 1963 kwamba Wajava waliugawana umaskini wao, wakizidi kubanana katika shamba lile lile ili kila mmoja apate chochote. Wataalamu waliomfuata walimpinga, wakaonyesha kwamba katika vijiji hivyo tangu zamani walikuwapo wenye ardhi na wasio nayo, na kwamba aliyegawa mafungu alijua vema kwa nini anagawa. Nadhani pande zote mbili zina sehemu ya ukweli. Fungu lilikuwa dogo na lilikuwa na utiifu ndani yake. Lakini lilikuwa haki iliyotambuliwa. Mwanamke mwenye kisu aliingia shambani mchana, kwa mlango wa mbele.

Swali la ardhi lilijaribiwa kujibiwa. Mwaka 1960 Indonesia ilipitisha sheria ya ardhi, na baadaye ikaweka ukomo wa eneo ambalo mtu mmoja angeweza kumiliki. Utekelezaji ulikwenda kwa kusuasua, kwa kuwa wengi wa waliotakiwa kuitekeleza ndio waliokuwa na ardhi. Kuanzia 1963 wakulima waliokuwa katika umoja ulioongozwa na chama cha kikomunisti walianza kuchukua mashamba wenyewe, na uhasama ukaingia vijijini. Kisha zikaja siku za giza. Baada ya matukio ya tarehe 30 Septemba na 1 Oktoba 1965 mjini Jakarta, jeshi na vikundi vilivyoshirikiana nalo viliwaua watu ambao wanahistoria wanawakadiria kuwa si chini ya nusu milioni, wengi wao katika vijiji vya Java ya Kati, Java ya Mashariki na Bali. Jirani alimwonyesha jirani. Januari 2023 Rais Joko Widodo alikiri kwamba haki za binadamu zilivunjwa vibaya katika matukio yale, akaeleza majuto yake.

Nalitaja jambo hili kwa sababu huwezi kuelewa yaliyofuata bila hilo. Tangu 1966, kwa zaidi ya miaka 30, mtu wa kijijini aliyeuliza habari za mgawanyo wa ardhi alijua ataitwa jina gani. Sheria ya mwaka 1975 ilivizuia vyama vya siasa kuwa na matawi vijijini. Sheria ya mwaka 1979 ilimfanya mkuu wa kijiji awe mwenyekiti wa baraza la kijiji, yaani baraza lililopaswa kumshauri yeye. Kijiji kikawa kimya, na katika ukimya huo maendeleo yakaletwa.

Maendeleo yenyewe yalikuwa makubwa, nasi tuseme kweli. Serikali ya Suharto, mwenyewe mzaliwa wa kijiji karibu na Yogyakarta, ilipeleka mbegu mpya fupi zenye kukomaa upesi, mbolea ya ruzuku, mikopo, mifereji iliyokarabatiwa na mabwana shamba. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Indonesia ilikuwa mnunuzi mkubwa kuliko wote wa mchele duniani. Mwaka 1984 ikatangaza kwamba inajitosheleza. Mwaka uliofuata Suharto alikwenda Roma kuhutubia Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, akapongezwa. Katika muda usiofika miaka 20 mavuno ya nchi yalizidi mara mbili. Njaa iliyowaua watu wa Java katika vizazi vilivyotangulia ikarudi nyuma.

Sasa twende shambani tukamtafute yule mwanamke mwenye kisu. Mpunga mpya ni mfupi, masuke yake hukomaa pamoja, na punje zake hupukutika upesi. Haufai kuvunwa suke moja moja, unataka mundu. Mundu hukata shina zima, na kikundi kidogo cha watu, mara nyingi wanaume, humaliza kwa siku kazi iliyokuwa ya umati. Tena mwenye shamba, ambaye sasa ana deni la mbolea, akaanza kuuza mpunga ukiwa bado umesimama. Mlanguzi hununua jaruba zima, huja na watu wake wenye miundu na mizani yake, na hana undugu na mtu yeyote pale. Mwenye shamba hahitaji kumwambia jirani yake "usije". Husema tu, "mpunga si wangu tena". Wakati huo huo, mwanzoni mwa miaka ya 1970, mashine ndogo za kukoboa zikaenea vijijini. Mwanamke aliyetwanga mpunga wake mwenyewe alipumzika, na ilikuwa haki yake kupumzika. Mwanamke aliyetwanga mpunga wa watu ili apate ujira, aliupoteza ujira ule.

Hakuna aliyekaa ofisini akaamua kuwadhulumu wanawake hawa. Mbegu ilikuwa njema, mbolea ilikuwa njema, na mashine ilikuwa njema. Lakini kila kimoja kiligawanywa kwa kipimo cha ardhi. Mwenye hekta mbili alipata mkopo wa hekta mbili. Mwenye robo alipata wa robo. Asiye na kitu hakuwa na mstari wa kuandikwa katika fomu. Hicho ndicho ninachokiita mlango wa shamba. Msaada unaopita mlango huo humfikia kila mtu kwa kadiri alivyokuwa nacho tangu mwanzo. Waswahili husema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Pengine hata karani aliyeijaza ile fomu hakumwona.

Mlango huo ulikuwa na hatari nyingine. Pamoja na mbegu ilikuja dawa ya wadudu, kwa ruzuku kubwa, na mkulima alihimizwa kunyunyiza kwa ratiba, mdudu awepo au asiwepo. Yuko mdudu mdogo wa rangi ya hudhurungi, kwa jina la kwao wereng, afyonzaye maji ya shina la mpunga hadi shamba likauke kama lililopitiwa na moto. Adui zake ni buibui na wadudu wengine walao wadudu. Dawa iliwaua hao kwanza. Mayai ya wereng yamo ndani ya shina, hayafikiwi na dawa. Yalipoanguliwa hayakukuta mlinzi. Kadiri watu walivyonyunyiza, ndivyo mdudu alivyoongezeka. Katikati ya miaka ya 1980, mara tu baada ya sherehe za kujitosheleza, mashamba mengi ya Java yaliliwa. Mwaka 1986 Rais alitoa amri kupiga marufuku dawa za aina 57 katika mpunga, na ruzuku ya dawa ikaondolewa hatua kwa hatua.

Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo sisi walimu tunapaswa kulitia maanani. Kuanzia mwaka 1989, badala ya kumpa mkulima amri mpya, walimpa darasa jipya. Wakulima wapatao 25 walikutana kila juma, msimu mzima, pembeni mwa jaruba. Waliingia ndani ya mpunga, wakahesabu wadudu kwa mikono yao, wakawachora, wakabishana yupi rafiki na yupi adui, kisha wakaamua wenyewe kama kuna haja ya kunyunyiza. Bwana shamba hakuhutubia, aliuliza. Utaratibu huo ulivuka bahari, na mwishoni mwa miaka ya 1990 ukaingizwa katika mpango wa pamoja wa Kenya, Tanzania na Uganda. Sisi tunauita shamba darasa. Wengi wanaoutumia leo hawajui kwamba ulizaliwa katika majaruba ya Indonesia, tena kutokana na hasara.

Nimesema juu ya mlango wa shamba. Sasa niseme juu ya mlango wa nyumba, kwani serikali ile ile iliutumia pia. Bei ya mafuta ya petroli ilipopanda mwaka 1973, Indonesia, iliyokuwa ikiuza mafuta, ilipata fedha nyingi. Kati ya 1973 na 1979 ilijenga shule za msingi zaidi ya 61,000. Shule zilipelekwa kwa wingi zaidi mahali palipokuwa na watoto wengi wasiosoma. Fomu ya shule haikuuliza baba ana hekta ngapi. Iliuliza kuna watoto wangapi nje ya darasa. Wataalamu waliowafuatilia watoto wale hadi utu uzima waliona kwamba walisoma miaka mingi zaidi na kupata mishahara mikubwa kuliko ambavyo wangepata bila shule zile.

Katikati ya miaka ya 1980 ukaenea utaratibu wa kupima watoto. Mara moja kwa mwezi, katika baraza la nyumba ya mtu au chini ya mti, wanawake wa kijiji wanaojitolea hutundika mizani, humweka mtoto ndani ya mfuko wa nguo, huandika uzito wake katika kadi, na humwelekeza mama wapi pa kupata chanjo. Kuanzia 1989 serikali ilipeleka wakunga waliosomea kazi yao wakae vijijini, na katika miaka michache walifika makumi ya maelfu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mwanamke wa Indonesia alizaa kwa wastani watoto zaidi ya watano. Mwanzoni mwa karne hii, chini ya watatu. Mlango wa nyumba nao ulikuwa na dosari zake. Katika uzazi wa mpango maofisa walipewa idadi ya kutimiza, na mahali pengine shinikizo lilichukua nafasi ya hiari. Na kazi ya mizani ilibebwa na wanawake bila ujira wa maana. Lakini mtoto wa asiye na jaruba alipimwa kwa mizani ile ile aliyopimiwa mtoto wa lurah.

Kijiji cha leo kimebadilika tena. Pikipiki ipo karibu kila nyumba, umeme upo, simu zipo. Vijana wengi hawataki jembe. Huenda viwandani, au huvuka bahari. Wanawake kwa maelfu wamekwenda Malaysia, Hong Kong, Taiwan na Saudi Arabia kufanya kazi za nyumbani. Huko Uarabuni hukutana na mabinti wa Afrika Mashariki walioacha vijiji vyao kwa sababu hizo hizo. Katika majaruba wamebaki wazee, na mashine kubwa ya kuvunia imeanza kuuondoa hata mundu. Sensa ya kilimo ya 2023 ilikuta kaya zenye chini ya nusu hekta zimeongezeka kuliko mwaka 2013. Ardhi inazidi kukatwakatwa.

Sheria mpya ya vijiji ilipitishwa mwaka 2014, na tangu 2015 serikali kuu hupeleka fedha moja kwa moja kwa vijiji zaidi ya 74,000. Mwaka wa kwanza zilizidi rupia trilioni 20. Matumizi yake sharti yajadiliwe katika mkutano wa kijiji. Fedha hizo zimejenga barabara, madaraja na visima vingi, na pia zimewafikisha mahakamani wakuu wa vijiji wasio wachache. Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, sehemu ya fedha hizo ilielekezwa kwa kaya maskini, kwa kuanzia rupia 600,000 kwa mwezi. Ilibidi kila kijiji kikae na kutaja majina: nani hasa ni maskini hapa kwetu? Palikuwa na ubishi, na wapo waliolalamika kwamba jamaa za viongozi waliandikwa. Hata hivyo mfuko ulikuwa ule ule uliojenga barabara, nao ulitumika sasa kumtafuta asiye na cha kupitisha barabarani.

Ndugu Mwenyekiti, kuna watakaosema kwamba mlango wa shamba ndio ulioleta chakula, na bila chakula shule ni bure. Ni kweli. Watoto walioketi katika zile shule 61,000 walikuwa wameshiba kwa sababu mpunga uliongezeka. Sisemi mbegu zisipelekwe, wala sisemi mundu urudishwe ghalani na kisu kitolewe. Mwanamke aliyeinama kutwa nzima akikata suke moja moja hakuwa akiishi maisha ya kutamaniwa. Ninachosema ni kwamba mavuno yalihesabiwa kwa tani, na tani hazina majina. Ilipotangazwa kwamba nchi imejitosheleza, wanawake walioondolewa katika mavuno hawakuwa na daftari lolote la serikali lililoonyesha kwamba wamepoteza kitu, kwa kuwa haki yao ya fungu haikuwa imeandikwa popote. Walioyaandika hayo ni watafiti waliokwenda kuketi vijijini na kuuliza.

Kwa hiyo sisi tunaopeleka vitu vijijini tuna maswali mawili ya kujiuliza kabla hatujafunga safari. La kwanza: kitu hiki kinapita mlango upi? Kama ni wa shamba, ni nani ambaye hana shamba, na tumemwandalia nini? La pili: kazi ipi ya mnyonge itakufa siku jambo letu litakapofaulu? Swali hili la pili ni gumu zaidi, kwani tumezoea kuogopa kushindwa kwa mipango yetu na hatujazoea kuogopa kufaulu kwake. Mwalimu anayejua ni mtoto yupi ameacha kuja shule baada ya mavuno analo jibu ambalo halimo katika taarifa ya tani. Karani anayejua nyumba ipi haikuwahi kujaza fomu analo jibu hilo pia. Watu hao wawili wakizungumza kabla taarifa haijapelekwa wilayani, taarifa yenyewe itakuwa na majina ndani yake.